Mstari Mmoja Si Kitabu



Kabla hujaendelea mbele, nyosha mkono wako. Usinyanyuke ulipokaa, wala usichague. Kitabu kilicho karibu nawe kuliko vyote, kiwe cha dini au cha dunia, kikubwa au kidogo, kichukue, kifungue popote kitakapofunguka, usome mstari mmoja kwa sauti. Kisha jiulize maswali mawili. La kwanza: ni kitabu gani hiki kilichokuwa karibu yangu? La pili: mstari ulioutangulia huu unasemaje, na unaoufuata unasemaje? Haya nitakayokuandikia hapa yote ni juu ya maswali hayo mawili.

Huku kwetu Kidodi jambo hili tunalifanya kuwa mchezo wa barazani, baina ya Maghrib na Isha. Wengi wenu mlioko Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu huenda hamkupata kufika huku. Mtu akitoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, akifika Mikumi hukata kushoto kuifuata barabara ya Ifakara, na kabla hajafika Kidatu hupita kwetu. Ni katika wilaya ya Kilosa. Juu yetu iko milima ya Wavidunda, na chini yetu bonde limejaa miwa. Wakati wa mavuno mashamba huchomwa moto kabla ya miwa kukatwa, na masizi huruka angani mpaka yakatua juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya kitabu kilichoachwa wazi. Wenyeji wa hapa ni Wavidunda, na wengine wengi tuliletwa na kazi ya miwa, sisi na wazee wetu, kila mmoja akaja na dini yake, lugha yake na vitabu vyake vichache.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kila mtu huja na kitabu kilichokuwa karibu naye nyumbani mwake. Hukifungua bila ya kuchagua, akasoma mstari mmoja, na wenziwe wakakisia umetoka wapi. Huyu atasoma neno katika kitabu cha fiqhi juu ya maji ya kutawadhia. Mwenziwe atafuata na mstari wa kijitabu cha mbolea. Wa tatu atasoma habari za nchi ya Kusadikika, ile aliyoibuni marehemu Shaaban Robert. Na mtoto wa shule atasoma daftari lake la hesabu. Ikipangwa mistari hiyo, mmoja baada ya mwingine, watu hucheka mpaka machozi. Ni kicheko cha halali, hakina mtu aliyesengenywa ndani yake, na kila mmoja hurudi kwake ameshika kitabu mkononi. Hilo peke yake ni kheri.

Lakini tangu nianze kukaa katika baraza hilo nimeona jambo moja lililonishughulisha. Yamekuja madaftari, zimekuja kamusi, vimekuja vitabu vya Maulidi na stakabadhi za mizani ya miwa. Msahafu huja kwa nadra sana. Wala si kwamba nyumba zetu hazina Msahafu. Upo, juu ya kabati, umefungwa katika kitambaa kizuri, nao huteremshwa Ramadhani inapoandama na nyumba inapofikwa na msiba. Kuuinua Msahafu mahali pa juu ni adabu njema, na mimi sisemi uwekwe sakafuni. Ila kuna tofauti baina ya kitu kilichoinuliwa kwa heshima na kitu kilichowekwa mbali kwa kusahauliwa, na vumbi lililo juu ya kile kitambaa ndilo litakaloshuhudia. Katika Sura Al-Furqan, aya ya 30, mna mashtaka ya Mtume (S.A.W.) mbele ya Mola wake juu ya watu wake walioiacha Qur'ani. Wazee wetu walikuwa na marfaa. Msahafu ulikaa juu ya marfaa, umeinuliwa na tena uko karibu, na mwenye kutaka kusoma hakuhitaji kupanda juu ya kiti.

Kijana mmoja alipoulizwa kitabu kilichokuwa karibu naye alitoa simu mfukoni. Watu walicheka, walakini yeye hakusema uongo. Siku hizi wengi wetu mistari tunayoisoma kutwa hutufikia kwa njia hiyo: neno moja la hekima, nusu ya hadithi, kipande cha fatwa, bila ya jina la kitabu, bila ya ukurasa, bila ya kujulikana aliyeanza kulisema. Tunausoma mstari, tunaupenda, tunawatumia watu ishirini. Mchezo wetu wa barazani una staha zaidi, kwa kuwa angalau kitabu kizima kipo mkononi mwa msomaji, naye akiulizwa aweza kufunua ukurasa.

Na anayeuliza yupo. Katika baraza letu hukaa mama yangu mkubwa, ambaye leo ni mtu mzima sana. Yeye kusoma Kiswahili alijifunza ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walishuka kutoka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Mama mkubwa ni mmoja wa wale waliohesabiwa katika mabadiliko hayo. Sasa macho yake hayamsaidii, kwa hivyo hasomi, husikiliza. Na kila mtu akimaliza mstari wake yeye huuliza neno moja tu: "Kisha?" Vijana humwambia, "Mama, mchezo ni mstari mmoja." Naye hujibu, "Mimi sikujifunza kusoma nikiwa na watoto wanne ili niishie mstari mmoja."

Nakuomba ulishike neno hilo, ndugu msomaji, kwani katika mchezo huu mna hatari mbili, na zote mbili dawa yake ni hiyo "Kisha?"

Hatari ya kwanza ni mtu kuufanya mstari kuwa jibu la ghaibu. Ada hii ni kongwe na imeenea duniani. Warumi wa zamani walikuwa wakifungua vitabu vya mshairi wao Virgil ili wajue la kesho. Waajemi mpaka leo hufungua diwani ya Hafidh wa Shiraz wakatazamia bahati. Wako Wakristo waliofanya hivyo kwa Biblia. Na sisi watu wa Pwani tusijitoe, maana wapiga bao na wapiga ramli tunao, na wenye kutazamia kwa kitabu tunao. Nimemwona mtu barazani, baada ya kusomwa mstari uliotaja safari, akageuka uso, akasema, "Basi huu ni wangu, kesho naondoka." Mstari wenyewe ulikuwa katika somo la jiografia la mtoto wa darasa la tano!

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mishale yao ya kupigia ramli, na Mwenyezi Mungu ameikataza katika Sura Al-Maida, aya ya 3 na aya ya 90. Wanavyuoni wengi wamekemea kuufungua Msahafu kwa kusudio kama hilo, kwa sababu Qur'ani imeteremshwa iwe mwongozo, haikuteremshwa iwe mishale. Na wala hatukuachwa bila ya njia. Sahaba Jabir bin Abdillah amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha sala ya istikhara kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili na dua. Pamoja na hiyo, mtu hushauriana na wenye akili na wenye uzoefu. Tazama tofauti ilivyo: mwenye istikhara anamwomba Mungu amchagulie lenye kheri, na mwenye kutazamia anataka karatasi imwambie lililofichika.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu humjia mtu akiwa na kitabu cha haki mkononi na neno la haki mdomoni. Ni kuukata mstari na kuuacha wenziwe. Kila aliyepita chuoni anaujua mfano wake. Katika Sura Al-Maun, aya ya nne inawatishia wenye kusali. Mtu akifunga Msahafu hapo, atatoka akidhani kuwa sala ni dhambi. Aya ya tano ndiyo inayobainisha kuwa waliokusudiwa ni wale wanaoipuuza sala yao. Vilevile katika Sura An-Nisaa, aya ya 43, mna katazo la kuikaribia sala katika hali ya ulevi. Mvivu akikata neno katikati atajipatia ruhusa ya kutosali maisha yake yote.

Ndiyo maana walimu wetu hawakutuachia tusimame tunapopenda. Katika Misahafu mingi utaona alama ndogo juu ya maneno. Herufi mim humwamrisha msomaji asimame, na lam-alif humkataza asisimame hapo. Tulipokuwa watoto tuliziona alama hizo kuwa ni taabu juu ya taabu, na fimbo ya mwalimu ilikuwa karibu. Kumbe ni elimu nzima iliyotungwa na wanavyuoni ili maana isivunjike mkononi mwa msomaji. Umma uliopanga mahali pa kuvuta pumzi umejua vizuri madhara ya neno lililokatwa.

Sasa nitakueleza lililotokea katika nyumba moja ya hapa petu, nami nitayaficha majina. Mwenye nyumba alifariki. Wazazi wake walikuwa wamekwisha tangulia. Aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Aliacha nyumba na shamba la miwa, na juu ya shamba hilo aliacha deni la mbolea na la gharama za kukata na kusafirisha miwa. Wanaolima miwa wanalijua jambo hili: muwa hulipwa kwa tani na kwa kiasi cha sukari iliyomo ndani yake, na mwaka ambao mvua imeharibu mambo, deni hubaki shambani hata baada ya mzigo kupita mizani.

Usiku mmoja yule kijana alikuja barazani na tafsiri ya Qur'ani. Ilipofika zamu yake kitabu kikafunguka katika Sura An-Nisaa, aya ya 11. Kama kilifunguka chenyewe au kilifunguliwa, Mungu ndiye ajuaye. Akausoma mstari unaosema kuwa fungu la mtoto mwanamume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili, kisha akakifunga kitabu, akasema: "Basi mambo yamekwisha. Mali ni mafungu manne. Mawili yangu, na dada zangu kila mmoja fungu moja." Watu wazima wakanyamaza, maana nani atabishana na Qur'ani? Mama yake mzazi alikuwa amekaa ndani, nyuma ya pazia, nasi tulijua kuwa anasikia.

Mama mkubwa akauliza, "Kisha?"

"Kisha nini, mama? Neno la Mungu ndilo hilo."

"Neno la Mungu halikuishia hapo. Mimi nasikia sauti yako imekatika, sikuisikia aya ikimalizika. Kifungue, mwanangu."

Mzee mmoja akakipokea kitabu, akasoma aya mpaka mwisho wake. Mwisho wa aya ile ile umesema kuwa mafungu hayo hutolewa baada ya wasia na baada ya deni. Akaendelea na aya ya 12, na humo mna fungu la mjane: thumni moja, maana yake sehemu moja katika nane, ikiwa mume ameacha watoto. Yule mama aliye nyuma ya pazia alikuwa mstari wa pili. Kitabu kilipofungwa mapema, ni yeye aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe.

Mambo hayakumalizika usiku ule, wala haikufaa yamalizike pale. Asubuhi waliitwa jamaa wa nyumba wakaenda kwa mwalimu mwenye kujua ilmu ya mirathi. Yeye akawaonyesha jambo ambalo hata sisi tuliosoma aya mbili nzima hatukuliona. Katika aya, wasia umetajwa kabla ya deni, lakini katika kutekeleza, deni ndilo litanguliwalo, na hivyo ndivyo ilivyopokewa kwa Sayyidna Ali kuwa Mtume (S.A.W.) alihukumu. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho mirathi. Akawakumbusha habari za maiti aliyeletwa mbele ya Mtume akiwa na deni, naye Mtume akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kumlipia. Akawapigia hesabu: mali iliyobaki ifanywe mafungu 32. Mjane manne, mtoto mwanamume kumi na manne, na kila binti saba. Ukiyajumlisha yanatimia, hakuna lililozidi wala lililopungua.

Kijana hakufurahi. Siku kadhaa alipita barazani bila ya kusimama. Lakini pesa za mavuno zilipoingia deni lililipwa, kwani dawa ya deni ni kulipa, na mjane akashika thumni yake. Leo yule mama ana mahali pake na halali kwa huruma ya mtu. Nami nasema kweli kwamba yule kijana hakusema uongo. Kila neno alilolisoma ni haki tupu. Dhuluma ilikuwa katika kukifunga kitabu.

Hebu basi tuitazame njia ya wazee wetu. Katika darsa za misikitini kitabu hakifunguliwi popote. Husomwa kuanzia bismillahi yake, mwanafunzi akisoma na mwalimu akieleza, na kesho yake huanza pale pale kilipoachwa jana, hata kikichukua miaka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa karatasi yake, Sahifa, mjini Mombasa mwaka 1930, na baadaye gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliandika kwa Kiswahili maneno machache ambayo mtu aweza kuyamaliza kwa kikao kimoja. Yalikuwa machache, walakini yalikuwa na mwanzo na mwisho. Na Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoitoa tafsiri yake kamili, Qurani Takatifu, mwaka 1969, hakutosheka na tafsiri peke yake; alijaza maelezo chini ya kurasa. Maelezo yale ni jibu la "Kisha?" kwa msomaji ambaye hana mwalimu karibu. Wengi wetu tunasoma herufi kubwa za juu na kuziruka ndogo za chini.

Alhasili, sikuandika haya ili kuukataza mchezo. Nyumba nyingi zimekaa kimya, kila mtu na shughuli yake, na ikiwa mstari mmoja utawakusanya watoto na wazee kwenye mkeka mmoja, basi na usomwe. Ila tuupe adabu zake, nazo ni nne. Anayesoma mstari ataje kitabu. Akimaliza, asome uliotangulia na unaofuata. Asiufanye mstari kuwa ramli ya kesho yake. Na ukiwa mstari unagusa haki ya mtu, kama vile ndoa, talaka, mirathi, deni au dawa ya mgonjwa, usiamuliwe barazani. Upelekwe kwa mwenye kujua. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na kwa mwenye nyumba nina ombi la tano. Tafuta marfaa, hata ya mbao za kawaida, fundi wa mtaani kwako ataiweza. Ufute vumbi Msahafu, uuteremshe, uuweke mahali ambapo mkono wa mtoto mwenye udhu utaufikia. Asipoufikia yeye, atafikia kingine, na vingine leo ni vingi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusoma mpaka mwisho wa aya, na awahifadhi wale wote ambao haki yao imeandikwa katika mstari wa pili. Amin.

Wabillahi tawfiq.